Jiwe la Mtikwe

Ancha hakuwa na mume, kwa kuwa Amade alikuwa amekwisha kuzikwa. Hakuwa na mtoto wa kiume wa kusimama mlangoni. Hakuwa na ndugu wa karibu. Watu wake walikuwa mbali, kijiji cha Diaca, na ukipiga yowe Mtikwe hakuna wa Diaca atakayekusikia. Hakuwa na hati ya shamba, wala kitambulisho, wala meno mawili ya mbele. Kusoma hakujua. Tena hakuwa na desturi ya kulia mbele za watu, na hilo nalo walimhesabia kuwa upungufu. Siku jiwe liliposhuka kutoka mbinguni alikuwa na jembe, na shamba la mihogo ambalo kila mtu alikuwa ameanza kulitazama kwa jicho jipya.

Jicho hilo tuliletewa na gesi. Ilikuwa imegunduliwa chini ya bahari, mbele ya Palma, huku kaskazini mwa Msumbiji, nyingi kuliko akili zetu zilivyoweza kuibeba, na sasa ilitafutwa nchi kavu ya kujengea mitambo. Wapima ardhi waliovaa makoti ya rangi ya machungwa walipita mashambani wakipanda marko, viguzo vya saruji vyenye kichwa chekundu. Ukiamka ukakuta marko kwako, ujue shamba limekwenda. Lakini ujue pia kwamba kuna fidia. Kwa hiyo marko ilikuwa msiba na harusi kwa pamoja. Watu wale wale walioiogopa mchana walikuwa wakiitafuta kwa macho wakienda kisimani.

Leo ukiuliza Mtikwe iko wapi, utaoneshwa ua wa waya. Wakati ule ilikuwa kijiji, kati ya Palma na Mute, na mimi nilikuwa fundi cherehani wake. Jina langu ni Abdulcarimo. Nilisoma shule ya usiku kule Mocímboa, miaka ya mwanzo ya uhuru, nikitoka kukata katani mikono ikiwa imechanika, mpaka nikamaliza darasa la sita, cheti ninacho. Amade alikaa nami dawati moja. Yeye alitoka na sahihi yake tu, mimi nilitoka na njaa ya kujua ambayo haijashiba mpaka leo. Nilisikiliza redio ya Kireno na ya Kiswahili, na niliyoyasikia sikuyala peke yangu: niliwasimulia waliokuja kushonewa. Ndiyo maana wakaniita Dotori Kibatari, msomi wa taa ya usiku.

Siku moja niliwaambia kwamba sayari ya Zohali ina mwezi wenye maziwa na mito, lakini si ya maji. Ni ya gesi ile ile iliyoko hapa kwetu, iliyogeuka kuwa kimiminika kwa ukali wa baridi. Chombo kilitumwa kikaona.

"Gesi ya nani?" akauliza mmoja.

"Ya Mungu. Huko hakuna mtu."

"Basi waambie kampuni wahamie huko, kuna nafasi."

Walicheka mpaka sindano ikanichoma. Sikuudhika. Mtu anayekucheka amekusikiliza.

Ilikuwa Ijumaa, tumetoka msikitini, viatu bado mikononi. Kishindo kikapiga, kikarudia, kisha kikavuma kama magunia ya korosho yanayobingirishwa juu ya bati. Kuku wakalala chini. Watu wote wakageuka kutazama upande wa bahari na kusema neno moja: "Kampuni!" Mimi nikatazama juu. Angani palikuwa na mstari mweupe, kama uzi uliovutwa juu ya kitambaa cha buluu ukaachwa bila fundo.

Kabla ya alasiri Ancha alisimama mbele ya cherehani yangu. Alikuwa na udongo mpaka magotini.

"Shemeji," alisema, kwani ndivyo alivyoniita kwa ajili ya Amade, "njoo uone kitu. Usiseme na mtu njiani."

Kati ya mihogo palikuwa na shimo lenye kina cha mkono, na mashina mawili yameng'oka. Ndani yake lilikaa jiwe la ukubwa wa nazi iliyofuliwa, jeusi kama sufuria ya kuni, limejaa vishimo vidogo kama donge la unga lililobonyezwa na vidole gumba. Upande mmoja ulikuwa umemeguka, na ndani palikuwa kijivu chenye chembe zinazong'aa. Nilitanguliza mkono kwa hofu ya kuungua. Lilikuwa baridi. Jiwe lililotoka motoni, na lilikuwa baridi kama mtungi.

"Hiki ni nini?"

"Ni kimondo."

"Nakuita wewe msomi, unanijibu kama bibi yangu."

Basi nikamweleza. Mwezi wa pili wa mwaka ule, huko Urusi, jiwe kubwa kama jumba lilipasuka juu ya mji, likavunja vioo na kujeruhi watu. Wataalamu walikusanya picha zilizopigwa na kamera za magari, wakaufuata mkia wake kinyumenyume mpaka wakajua lilikotoka: kwenye mkanda wa mawe ulio kati ya Mirihi na Mshtarii. Mawe yale ni masalio ya kazi ya kuumba sayari, kama vipande vinavyobaki chini ya cherehani kanzu ikiisha kushonwa. Hapana kitu mkononi mwa mtu kilicho cha kale kuyashinda.

"Kwa hiyo Mungu ni fundi kama wewe, anaacha vipande ovyo?"

"Shemeji, tubu."

"Nimetubu. Lina thamani?"

"Lina umri."

"Umri hata mimi ninao, na hajatokea mnunuzi."

Tulicheka kidogo, kisha tukanyamaza, kwa sababu kando ya shamba alikuwa amesimama Rajabo. Rajabo alikuwa mdogo wake Amade. Tangu matanga alikuwa akisema kwamba shamba ni la damu yao, na mwanamke wa kuja hawezi kukaa juu ya damu ya watu. Tume ya ardhi ilikuwa inakuja wiki iliyofuata kumwandika kila mwenye shamba. Jina litakaloandikwa siku ile ndilo litakalopewa nyumba na shamba lingine. Asiyeandikwa hapewi kitu. Rajabo aliliangalia shimo, akamwangalia Ancha, akaondoka bila salamu. Niliona alivyokuwa akitembea. Alikuwa na haraka ya mtu aliyeokota.

Kufika magharibi alikuwa amezungusha maneno mawili. Kwa vijana alisema: Ancha amekubaliana na kampuni kwa siri, wamempandia marko nyeusi, aina mpya, na kishindo mlichosikia ni baruti yao. Kwa wazee alisema lingine. Sisi sote tumefundishwa chuoni, tangu tukiwa wadogo, kwamba vimondo ni mawe ya kuwapigia mashetani wanaopanda kusikiliza siri za mbinguni. Kimondo hakipigi bure, alisema. Kama kimeshuka kwa Ancha, kilimfuata nani? Maneno hayo mawili hayakuweza kuwa kweli kwa pamoja. Lakini hofu haiulizi hesabu.

Asubuhi ya Jumamosi shamba lilijaa watu.

Mzee Aly, shefe, yaani mkuu wa kijiji, alikuja na fimbo yake, na mfukoni muhuri wa serikali aliouviringisha kwenye mfuko wa plastiki kama dawa. Aliletewa kigoda. Ancha alikuwa ndani ya nyumba, mlango umerudishwa. Rajabo alisimama mahali ambapo kila mtu angemwona.

"Baba shefe, mimi sina ugomvi na shemeji yangu. Nauliza tu. Kaka yangu alikufa vipi? Homa hakuwa nayo. Jeraha hakuwa nalo. Alilala mzima! Leo mbingu yenyewe imetuonesha mahali. Mwanamke huyu anafuga kitu. Arudi kwao Diaca leo, kwa usalama wetu na wake. Shamba tutalisomea dua sisi wenye marehemu."

Sauti za kuitikia zilitoka huku na huku. Kijana mmoja alisema kwamba jikoni kwa Ancha ni makuti matupu, yatashika moto upesi. Hakuna aliyemkemea.

Nikasogea mbele. Nilikuwa nimevaa koti langu, na nilikuwa nimejitayarisha usiku kucha. Nilianza na jua. Nikaeleza sayari, nikaeleza mkanda wa mawe, nikafika Urusi.

"Kibatari, mafuta yameisha!" akaita mtu nyuma, na kicheko kikapita.

"Nitawaonesheni," nikasema. "Kama ni saruji ya kampuni, kitu hiki hakitashika. Kama ni jiwe la mbinguni, lina chuma ndani yake, na litashika."

Nilikuwa nimetoa sumaku kwenye spika ya redio yangu mbovu. Nikashuka shimoni, nikaisogeza. Sumaku ikaniponyoka vidoleni, ikalirukia jiwe, ikagota juu yake: ta!

Nilinyanyua uso nikiwa na tabasamu. Nakiri nilitarajia makofi.

"Linavuta!" akapiga yowe bibi mmoja aliyesimama karibu, Zuleica, muuza mandazi. "Limempokonya! Lina mkono!"

"Mmeona wenyewe," akasema Rajabo, taratibu, karibu kwa huruma. "Jiwe la Mungu halivuti."

Nilishika sumaku kuing'oa, na kwa jasho la vidole ikateleza, isitoke. Kadiri nilivyovuta ndivyo watu walivyorudi nyuma, mpaka nikaonekana mtu anayeshindana na kitu kilicho hai. Nilikuwa nimewaletea ushahidi. Nilisikia kibiriti kikitikiswa. Waliokuwa mbele waliinama, mmoja baada ya mwingine, wakinyanyuka na madonge ya udongo, na mmoja hakuokota donge, aliokota mti. Nikasema, "Jamani, sikilizeni." Sauti haikwenda mbali zaidi ya meno yangu. Miaka yote ile ya kusoma, na hapakuwa na neno hata moja lililonisaidia.

Mlango ukafunguliwa.

Ancha alitoka na jembe begani, na wa mbele wakarudi hatua. Alipita katikati yao. Alipofika kwenye kigoda alilaza jembe chini, akapiga magoti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," akajibu Mzee Aly, maana salamu haikataliwi.

"Mimi sikusoma. Naomba niulize niliyofundishwa nikiwa mtoto, unisahihishe. Kimondo hutupwa na nani?"

"Na malaika, kwa amri ya Mungu."

"Humtupia nani?"

"Shetani."

"Malaika hukosea shabaha?"

Mzee Aly alifikiri. "Hawakosei."

"Basi, baba, kama kwangu palikuwa na shetani, amekufa. Yuko chini ya jiwe hili, amepondeka kama boga." Akainuka, akajipangusa magoti, akawageukia watu. Hewa ilipenya katika pengo la meno yake na kupiga mluzi mwembamba kila alipotaja jina la shetani. "Shamba langu ndilo peke yake hapa Mtikwe ambalo tuna hakika halina shetani. La kwenu silijui. Zuleica, la kwako limepigwa lini? La Rajabo limepigwa lini? Na kama shetani huyo alikimbia kabla ya jiwe kufika, alikimbilia kwa nani aliye jirani?"

Jirani alikuwa Rajabo. Mpaka wao ulikuwa mstari wa minanasi.

Kisha Zuleica, yule yule wa yowe, akashika kiuno, na kicheko kikamtoka kama maji ya mfereji uliozibuka.

"Rajabo wee! Ndiyo maana mbuzi wako hazai!"

"Na mke amerudi kwao!" akadakia mwingine.

"Tukamkague! Kibatari, leta hiyo sumaku yako!"

"Mnacheka nini?" Rajabo alifoka. "Mnacheka nini?" Lakini alikuwa akitazama upande wa minanasi alipokuwa akisema hivyo, na wote waliona. Madonge ya udongo yakaanguka, moja moja, bila mtu kuonekana akiyaangusha. Kijana wa kibiriti akawasha sigara, kana kwamba ndilo alilolikusudia tangu mwanzo. Dakika chache baadaye Zuleica alikuwa shimoni akiomba kipande cha jiwe akafunge mlangoni kwake, na wanawake wengine nyuma yake, na ikabidi Ancha alikalie.

"Hakuna kipande," alisema. "Ni la shamba hili."

Mzee Aly alisimama akasema kwamba hajaona sababu ya mtu kuhama. Watu wakatawanyika. Ancha alibaki juu ya jiwe, mikono ameikalia, mpaka wa mwisho wao alipotoka shambani.

Shefe alikuwa ameamua kwa mdomo, na mdomo wake ulikuwa kama mlango wa makuti, upepo wa asubuhi huufungua na wa jioni huufunga. Kabla ya siku ya tume, Rajabo angekwisha kwenda kwake na kuku. Mimi sikuliona hilo. Nilikuwa nimeinamia cherehani, nikiwa na hasira ya mtu aliyejua ukweli na bado akashindwa. Ancha ndiye aliyekuja.

"Shemeji, wale wataalamu wa mawe, huwa wanaandikiwa?"

"Ipo makumbusho Maputo. Wanaandikiwa."

"Basi waandikie. Kwa karatasi ile inayotoa mbili."

Niliandika kwa Kireno changu bora, na kaboni chini yake. Nilieleza kishindo, mstari angani, rangi, chembe, sumaku. Katika sumaku niliandika sana. Kipande kidogo kilichokuwa kimemeguka chenyewe nilikishonea mfuko wa kaniki, kiende na barua. Nikamsomea, nikimfasiria sentensi baada ya sentensi. Alisikiliza kama anayepepeta mchele.

"Hapo uliposema mimi, umesema nani?"

"Mjane wa Amade. Ni heshima."

"Futa."

"Karatasi itachafuka."

"Andika upya. Andika mwenye shamba. Lilianguka katika shamba la Ancha, mwenye shamba, kijiji cha Mtikwe. Kisha twende kwa shefe akagonge muhuri, maana barua ya kwenda serikalini bila muhuri ni nini?"

Nilimtazama. Ilinichukua muda, mimi mwenye cheti, kuelewa kwamba barua haikuwa inakwenda Maputo peke yake.

Rajabo alikuwa ukumbini kwa Mzee Aly, na kikombe cha kahawa mkononi. Nilisoma barua yote kwa sauti, kisha kwa Kiswahili, sikuruka neno. Mzee Aly aliuliza jambo moja.

"Mtikwe imo?"

"Imo. Mawe haya hupewa jina la mahali yalipoangukia. Ndiyo kanuni ya wataalamu. Likikubaliwa, dunia nzima litaitwa Mtikwe."

"Na kampuni wakituhamisha?"

"Mahali huhama. Jina la jiwe halihami."

Nje wapima ardhi walikuwa wakiitana kwa lugha yao, mmoja akivuta kamba. Mzee Aly akautoa muhuri kwenye plastiki, akauhemea pumzi ya moto.

"Baba," akasema Rajabo, akiweka kikombe chini, "hapo katikati pana neno. Mwenye shamba..."

Muhuri ukagonga. Kisha ukagonga karatasi ya pili.

"Ulisemaje, mwanangu?" akauliza Mzee Aly. "Masikio yangu siku hizi."

Tume ilipokuja, yule mwenye kompyuta alimwomba Ancha hati, naye akatoa kaboni yetu kutoka kifuani mwake, ya buluu, ina jasho, na muhuri juu. Yule wa tume aliisoma mara mbili. Akauliza zaidi habari za jiwe kuliko habari za shamba. Kisha akaandika jina. Rajabo alikuwa amesimama pale; alichosema ni kwamba jua ni kali. Ancha alipata nyumba katika kijiji kipya, na shamba lisilo zuri kama la kwanza, na mlango wake unafungwa kwa ufunguo anaouvaa shingoni.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ile, tulipotoka kwa shefe, bahasha haikufungika. Chumvi ya hewa ilikuwa imekwisha kuila gundi yake tangu dukani. Ancha akasema subiri, akaingia jikoni, lile la makuti, lililokuwa bado limesimama. Alirudi na kidole kilichochovywa katika uji wa muhogo. Akaupaka ukingoni mwa bahasha, akakunja, akabonyeza kwa kidole gumba, mwanzo mpaka mwisho, polepole. Vikabaki vishimo vidogo mfululizo, kama vya jiwe.

Tukasimama barabarani tukiishika juani ikauke. Chapa, basi dogo la kwenda Mocímboa, ilipofika, dereva, Leonel, kijana wa kutoka bara, aliipokea akaipima mkononi.

"Inakwenda posta, mzee?"

"Posta. Mpaka Maputo."

"Nzito hii. Kuna nini ndani?"

Nilifungua mdomo nimweleze, nikianzia na jua. Ancha alinitangulia.

"Shamba langu," alisema.

Leonel akacheka, akaichomeka mbele yake juu ya kioo, akapiga honi.